Kusoma Kilatini na Kigiriki cha kale chuoni huku unafanya kazi: uanzie wapi?

Swali: Mimi ni muuguzi wa zamu, nina miaka 43. Tangu niliposoma Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, kwa tafsiri nimekuwa na hamu ya kuingia chuo kikuu kusomea Ugiriki na Roma ya kale, ila kazi siwezi kuiacha, kwa hiyo itabidi nisome kwa mzigo wa nusu. Shuleni sikusoma Kilatini wala Kigiriki. Naona vyuo vingine vina kozi isiyo na lugha kabisa na vingine vinalazimisha lugha. Nichukue ipi? Nikichukua lugha, nianze na Kilatini, Kigiriki, au vyote kwa pamoja? Na kwa zamu hizi za usiku, kweli nitaweza?

Jibu: Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho, maana majibu ya hayo mengine yanalitegemea. Utaweza, mradi uipange digrii nzima kuizunguka lugha. Wengi wanaosoma huku wanafanya kazi hufanya kinyume. Hupanga kwanza historia, falsafa, sanaa na maigizo, halafu lugha wanaichomeka panapobaki nafasi. Hao ndio ninaowaona wakiiacha lugha katikati ya muhula wa pili, na akili wanazo tele.

Ukikosa wiki mbili za historia ya Athens kwa sababu wodi ilizidiwa, utakaa siku yako ya mapumziko, utasoma sura mbili na utawakuta wenzako. Lugha haiko hivyo. Somo la leo limesimama juu ya la jana, na la jana juu ya la juzi. Aliyekosa wiki mbili za Kigiriki akirudi anafundishwa miisho mipya ya kitenzi wakati ile ya zamani bado inamchanganya, na kila sentensi anayopewa ina yote mawili. Wala kukesha usiku mmoja hakusaidii. Kinachotakiwa ni kuyaona maneno yaleyale na miisho ileile mara nyingi, kwa siku nyingi, mpaka jicho liyatambue bila kufikiri.

Hesabu uifanye mapema. Neno "nusu" huwadanganya watu. England, digrii ya kwanza ni krediti 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na vipindi, kusoma peke yako na mitihani. Mwanafunzi wa muda wote hubeba krediti 120 kwa mwaka. Wewe ukibeba 60 ni saa 600, na ukizigawa kwa wiki 36 unapata karibu saa 17 kwa wiki, na hizo zinakuja juu ya zamu zako. Digrii itachukua miaka 6. Katika nchi za Ulaya zinazotumia ECTS, mfumo wao wa pamoja wa kuhesabu krediti, mwaka mzima ni krediti 60, kila moja saa 25 hadi 30, kwa hiyo nusu yake ni saa 750 mpaka 900. Ukiona saa 17 hazipatikani, uliza kama chuo kinaruhusu kubeba robo. Ni mwendo wa pole, na vyuo vingi huweka ukomo wa miaka ya kumaliza digrii, kwa hiyo ukomo huo ujue kabla hujalipa ada ya kwanza.

Sasa zamu. Ratiba ya "kila siku saa mbili usiku" haitakufaa, hata usijaribu. Panga kwa aina ya kazi badala ya saa. Sarufi mpya isome siku ya mapumziko tu, kichwa kikiwa kimepumzika. Siku ya zamu ya mchana rudia maneno na jedwali moja la miisho, dakika 20 au 30. Siku uliyotoka zamu ya usiku usiguse kitu kipya kabisa. Chukua kifungu ulichokwisha kukielewa, ukisome kwa sauti mara mbili, ukalale. Kusoma kwa sauti watu hukuchukulia kama pambo, lakini sikio hushika miisho ambayo jicho lililochoka huiruka. Dakika 30 kwa siku sita zina faida kubwa kuliko saa tano za Jumapili moja. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimeona wanafunzi wenye kazi ngumu sana wakiwapita vijana wa muda wote kwa utaratibu huu tu.

Kuhusu kozi isiyo na lugha: usiidharau, wala usimruhusu mtu akudharau kwa kuichagua. Ukitaka kujua jinsi watumwa walivyoishi Roma, jinsi Athens ilivyopiga kura, au magofu ya Pompeii yanatuambia nini juu ya mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, kazi nyingi nzuri inafanyika kwa kutumia tafsiri, michoro na akiolojia. Lakini wewe umeniandikia kwa sababu ya Homer, na hapo mambo yanabadilika.

Katika Kigiriki cha Homer, mistari mizima na vipande vya mistari hurudi tena na tena: shujaa anaitwa kwa sifa ileile, alfajiri inaingia kwa maneno yaleyale. Watafsiri wengi huogopa kumchosha msomaji, basi wanabadilisha maneno kila kipande kinaporudi, na wewe unayesoma tafsiri hujui kamwe kwamba kilirudi. Na ni kwa kuyachunguza marudio hayo ndipo Milman Parry, mtaalamu wa Kimarekani wa Homer, miaka ya 1920 na 1930, alipoonyesha kwamba ushairi huu umetokana na mapokeo ya watungaji wa mdomo, watu waliotunga papo kwa papo kwa vipande walivyorithi. Alikwenda mpaka Yugoslavia kuwarekodi waimbaji waliokuwa bado wakitunga kwa njia hiyo. Hoja hiyo unaweza kuisoma katika kitabu chochote cha utangulizi. Kuiona mwenyewe kwenye ukurasa wa Kigiriki, ukakitambua kipande kwa sababu ulikutana nacho wiki iliyopita, ni furaha ambayo sitaki uikose.

Kwa hiyo ushauri wangu: chagua kozi ambayo lugha ni ya hiari lakini ngazi zake zote zipo, kuanzia wasiojua kitu mpaka kusoma matini. Ukiipenda utaendelea, na ukishindwa hujapoteza digrii. Na ikiwa huko mbele unawazia shahada ya uzamili au uzamivu katika fasihi, ujue kwamba lugha zote mbili zitatakiwa, na pengine uwezo wa kusoma makala za Kijerumani na Kifaransa pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti wa taaluma hii imeandikwa katika lugha hizo.

Kutosoma lugha hizi shuleni kusikutishe. Hata Oxford na Cambridge, ambako masomo haya ni ya muda wote, wana njia za kuingia kwa wanafunzi ambao hawakuzisoma. Kwa wanaofanya kazi kuna vyuo vya masafa. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, hudahili watu wasio na vyeti vya kawaida vya kuingilia chuo na ina masomo ya Ugiriki na Roma. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu 1946. Moduli hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalia orodha ya mwaka utakaoanza.

Kilatini au Kigiriki? Vyote kwa pamoja, hapana. Mshika mawili moja humponyoka, na katika mzigo wa nusu kitakachoponyoka ni kile chenye jedwali refu zaidi. Walimu wengi watakuambia uanze na Kilatini, na wana hoja: alfabeti unaijua, vitabu ni vingi, na kitenzi chake kina mpangilio uliotulia. Kitenzi cha Kilatini hukaririwa kwa mashina manne, cha Kigiriki kwa sita, na mara nyingine mashina hayo hayafanani hata kidogo. "Nabeba" ni pherō, "nitabeba" ni oisō, "nilibeba" ni ēnenka. Hakuna kanuni itakayokutoa huko. Ni kukariri.

Hata hivyo, kwako wewe nasema anza na Kigiriki. Kinachomvusha mtu mwaka wa pili, wakati upya umekwisha na mtihani bado uko mbali, ni hamu ya kitabu fulani, na kitabu chako kimeandikwa kwa Kigiriki. Herufi zake 24 ni kazi ya wiki moja au mbili. Jambo moja tu ulijue mapema ili usivunjike moyo: kozi nyingi hazianzi na Homer. Huanza na Kigiriki cha Athens cha karne ya 5 na ya 4 KK, kile cha Xenophon na Plato, halafu ndipo hugeukia lahaja ya Homer, ambayo ni ya zamani zaidi na ina maumbo yake. Kuna pia Koine, Kigiriki cha baadaye kilichoenea pande zote za mashariki ya Mediterania, ndicho cha Agano Jipya, na sarufi yake ni nyepesi kidogo. Aliyeshika cha Athens huingia Koine bila shida kubwa. Aliyeanza na Koine akienda kwa Plato hupanda mlima.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya kiada havitakuambia, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili. Wewe huanzi mikono mitupu. Tuangalie Kilatini, maana herufi zake zinasomeka hapa:

*magister puero librum dat*

Mwalimu anampa mvulana kitabu. Yageuze maneno hayo utakavyo, *librum puero dat magister*, na bado mwalimu ndiye anayetoa na mvulana ndiye anayepokea. Maana inalindwa na miisho: -o ya puero inasema huyu ndiye anayepewa, -um ya librum inasema hiki ndicho kinachotolewa. Mtu ambaye katika lugha yake nafasi ya neno ndiyo inayosema nani kafanya nini hushindana na jambo hili kwa miezi. Sisi tunasema "kitabu mwalimu kampa mvulana", na hakuna anayedhani kitabu kimetoa kitu. Tofauti ni kwamba sisi kazi hiyo tumekiachia kitenzi, Kilatini kimeiweka kwenye nomino.

Upatanisho ndio utakaokupa raha zaidi. Neno *poeta*, mshairi, lina sura ya maneno ya kike, linaishia na -a kama *puella*, msichana. Lakini mshairi mwema ni *poeta bonus*, si *poeta bona*, kwa kuwa kivumishi hufuata jinsi ya nomino (hapa ya kiume) na si sura yake. Vitabu hulieleza hilo kwa tahadhari nyingi, na wanafunzi hulikosea mpaka mwaka wa pili. Wewe tangu utotoni unasema "kiongozi mwema amefika", na hujasema "kiongozi chema kimefika" hata siku moja, ingawa ki- iko pale mbele ya macho. Kanuni ni ileile, ila kwetu kiambishi kinakaa mwanzoni na kwao mwishoni.

Kitenzi nacho hutakiona kigeni. *Amabatur*, "alikuwa akipendwa": ama- ni shina la kupenda, -ba- ni wakati uliopita wa jambo lililokuwa likiendelea, -t- ni yeye, -ur ni kutendwa. Neno moja limebeba sentensi. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea kulivunja "walimpigia" au "tulipendwa" vipande vipande hulivunja na hilo bila kuambiwa jinsi. Nakushauri ufanye hivyo kwa kalamu, kila kitenzi kipya, miezi ya mwanzo yote.

Ugumu utakuwa mahali pengine. Nomino za Kilatini zina hali sita, yaani maumbo yanayoonyesha kazi ya nomino katika sentensi, na za Kigiriki tano, kila moja na miisho yake ya umoja na wingi. Kila kitu kina jinsi, hata meza na mto, ya kiume, ya kike au ya katikati. Kigiriki kina vitenzi vishiriki kila mahali, yaani maumbo ya kitenzi yanayotumika kama vivumishi; sentensi moja ya mwanahistoria Thucydides inaweza kuwa navyo vinne, na usipojua kila kimoja kinapatana na nomino ipi umepotea. Hapo ndipo saa zako nyingi zitakapokwenda, na ni sawa ziende hapo.

Na ukifika kwenye ushairi, mtu aliyekulia kwenye mizani ana sikio tayari, ila itabidi alifundishe upya. Mstari wa Homer hauhesabiwi kwa idadi ya silabi. Una futi sita, na kinachopimwa ni silabi ndefu na fupi, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuwa na silabi 12 na mwingine 17 na yote miwili ikawa sahihi. Vina havipo.

Vifaa vingi utavipata bure. Maktaba ya mtandaoni ya Perseus, ya Chuo Kikuu cha Tufts, ina matini za Kigiriki na Kilatini ambazo ukibofya neno inakuambia ni umbo gani na maana yake. Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago inakusanya kamusi kubwa pamoja, ikiwemo ile ya Kigiriki ya Liddell na Scott iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843. Chuo cha Dickinson kimeweka orodha za msamiati wa msingi, karibu maneno 1000 ya Kilatini na karibu 500 ya Kigiriki, yale yanayorudi mara nyingi zaidi katika matini. Orodha ya Kigiriki ifanye rafiki yako wa kwenye basi. Kamusi na maelezo haya yote yameandikwa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo utakuwa unafanya kazi kwa lugha tatu. Daftari lako la msamiati liandike kwa Kiswahili hata hivyo. Maana inakaa vizuri zaidi katika lugha unayoiota.

Tahadhari moja kuhusu kubofya. Ni msaada mkubwa ukiwa umekwama, na ni sumu ukiizoea, maana kwenye mtihani utapewa kifungu ambacho hukuwahi kukiona, karatasi na kalamu. Jiwekee sharti: kwanza tafuta kitenzi, sema ni nafsi ipi na wakati upi, kisha mtafute mtendaji anayelingana nacho, kisha ubashiri sentensi nzima. Ukishaandika ubashiri wako, bofya. Wala usiandike tafsiri katikati ya mistari ya matini. Ukirudi kujisomea kwa ajili ya mtihani, macho yatasoma tafsiri na Kigiriki hutakiona. Andika maneno magumu pembeni tu.

Kabla ya kuomba udahili, waandikie idara na uwaulize mambo haya. Moduli ya lugha ya ngazi ya pili hutolewa kila mwaka, au mwaka mmoja inakuwepo na mwingine haipo? Katika idara ndogo hili hutokea, na mwaka mmoja bila Kigiriki baada ya kumaliza ngazi ya kwanza unatosha kukurudisha karibu na mwanzo. Vipindi hurekodiwa? Kwa mtu wa zamu hili ni la lazima. Mtihani ni wa siku maalumu ukumbini au nyumbani, na ukigongana na zamu utaratibu ni upi? Unaweza kusimamisha masomo kwa mwaka bila kupoteza krediti? Na kwenye likizo ndefu kati ya moduli, kuna kikundi cha kusoma matini? Kama hakipo, tafuta mwenzako mmoja msome naye mistari kumi kwa wiki kwa njia ya simu, maana miezi mitatu ya kimya hufuta kazi ya muhula mzima. Ukipata idara inayokujibu maswali haya kwa undani na kwa upole, hiyo tayari imekuambia jinsi itakavyokutendea ukiwa mwanafunzi wake.

Umri wako sina la kusema juu yake. Kijana hukariri upesi, lakini mtu mzima aliyeona watu wakizaliwa na wakifa mikononi mwake humwelewa Priam, mfalme wa Troy katika Iliad, anayekwenda usiku kuuomba mwili wa mwanawe kwa namna ambayo mimi siwezi kuifundisha darasani.

Usijaze fomu leo. Chukua kitabu chochote cha Kigiriki cha wanaoanza, na kwa wiki nane za zamu zako za kawaida, si za likizo, jaribu utaratibu nilioueleza: alfabeti, sura nne au tano za kwanza, maneno 100 ya juu katika ile orodha ya Dickinson. Mwishoni jipime kwa kusoma kifungu cha sura ya pili bila kufungua kamusi. Ukikisoma, omba nafasi, na moduli yako ya kwanza iwe Kigiriki cha kuanzia peke yake. Historia ya Athens ingoje mwaka unaofuata.